Mstari wa Kofia

Watu wa Mwahuli ni mabingwa wa kutia chumvi, lakini hili hawakulitia: kwa miaka saba Gelasius Maige hakukosa josho hata Jumamosi moja. Homa ilimkuta josho. Sikukuu zilimkuta josho. Mama yake mzazi alipozidiwa kule Bukombe, habari zikamfikia Ijumaa, alisema ataondoka Jumapili, ng'ombe wakishaoga. Jumatatu alipofika kwao akakuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Hakulia mbele za watu. Alirudi Mwahuli, akavaa kofia yake, na Jumamosi iliyofuata akasimama mahali pake ukingoni kama kawaida. Mkewe Anisia hakusema kitu siku ile, ila hakusahau.

Josho, kwa asiyelijua, ni handaki la saruji lililojazwa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anapitishwa kwenye kibanio, uchochoro mwembamba wa miti, anarukia ndani, anaogelea hatua chache, anapanda ngazi upande wa pili akichuruzika. Ukitazama kwa mbali utasema kazi gani hiyo, hata kipofu ataifanya. Haya, kaifanye. Ng'ombe mwenye kiu akiingia mle anainywa ile dawa, na akiinywa umemzika. Aliyetembea juani akafika anahema, akirushwa kwenye maji ya baridi anaweza asitoke. Mwenye mimba kubwa akiruka anaharibu mimba. Mvua ikinyesha, dawa inaoshwa mgongoni kabla haijafanya kazi, na siku imepotea bure. Yote hayo Gelasius aliyajua, na aliyajua peke yake. Alisimama pale na fimbo yake yenye panda, akinyoosha kidole: huyu maji kwanza, huyu kivulini, huyu pembeni, huyu apite. Hakueleza sababu. Ukimuuliza anakuuliza wewe, kwani una haraka ya wapi.

Kofia nayo ilikuwa na habari zake. Ilikuwa kofia ngumu ya mgodini, imebonyea upande mmoja, na alikuja nayo kutoka Geita mgodi wa dhahabu ulipofungwa mwaka wa sitini na sita. Kule alikuwa msaidizi kwenye mashine ya kuteremsha watu chini ya ardhi. Mgodi ulipokwisha alihamia Mwahuli, kwa wakwe zake, na mkwe anayekaa ukweni ana methali zake za kusikiliza. Shemeji yake Mageni, kaka wa Anisia, hakumwacha apumue. Alikuwa akisema dada yake ameolewa na kofia, mwanamume kaja baadaye kuifuata.

Mwaka wa sabini na nane, mwezi wa Juni, ikaja barua kutoka Ushirombo. Binti yao Paskazia, aliyekuwa mwalimu huko, anafunga ndoa. Siku: Jumamosi.

Anisia alisomewa barua mara mbili. Kisha akaikunja, akaiweka chini ya kibuyu cha maziwa, akamgeukia mumewe.

"Baba Paskazia, mama yako ulimkosa kwa ajili ya ng'ombe. Sikusema. Lakini huyu ni mwanangu. Ukimkosa na huyu, mimi nitakaporudi kutoka harusini nitapitiliza kwa kaka yangu."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Gelasius akaujua uzito wake. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alikwenda josho peke yake, akakaa juu ya ukuta akiutazama mlango wa kibanio. Alitaka kwenda. Alitaka sana, Paskazia ndiye mtoto wao pekee aliyekua. Lakini alijua pia kwamba asipokuwepo, ng'ombe mia nne watakuja na kiu zao na mimba zao, na aliye na majibu atakuwa Ushirombo anakula pilau.

Hapo ndipo akaukumbuka ubao.

Kwenye kibanda cha mashine kule mgodini kulikuwa na ubao uliopigwa mistari kwenda na kushuka. Juu kabisa yalikuwa maswali: kengele imelia mara ngapi, ndani ya chombo kuna watu au mawe, mlango umefungwa au bado. Chini ya maswali kulikuwa na mistari, kila mmoja umelala na majibu yake, na mwisho wake kulia una amri moja tu. Mwendesha mashine, Donatus, ndiye aliyemfundisha kuusoma. "Soma kwa kulala, usisome kwa kusimama," alikuwa akimwambia. "Anza juu. Mstari ukifanana na hali uliyo nayo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, fanya amri yake, na huko chini usiende tena. Palipo na kistari maana yake hapo haijalishi, pita." Gelasius alikuwa na madarasa manne tu, lakini ubao ule aliushika kuliko katekisimu. Kilichompendeza ni kwamba Donatus alipougua, mtu mwingine alikaa pale, na chombo kilishuka na kupanda vilevile.

Basi akaupiga chokaa ukuta wa stoo ya josho, akachora ubao wake. Wachungaji wengi hawakusoma, kwa hiyo akachora picha. Mstari wa kwanza, mvua. Mengine yote vistari. Amri yake mlango uliofungwa. Mstari wa pili, ng'ombe ametoa ulimi. Amri yake birika la maji. Wa tatu, ng'ombe amelegea. Amri yake mti wenye kivuli. Wa nne, ng'ombe mwenye tumbo kubwa. Amri yake bomba la mkono, apuliziwe pembeni bila kuruka. Wa tano, ng'ombe asiye na lolote kati ya hayo. Amri yake josho lenyewe. Rangi aliokoteza. Lami iliyobaki kwenye barabara ilitosha ng'ombe wa pili na wa tatu. Wa nne alimchora kwa rangi nyekundu ya mabati ya shule. Wa tano, lami na rangi vikiwa vimekwisha, alimkwangua ukutani akamjaza chokaa nzito.

Akamwita Mageni, maana ndiye angeshika fimbo. Mageni aliutazama ukuta kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Kama matuta ya pamba," alisema. "Unashika tuta moja mpaka mwisho ndipo unaona umefika wapi. Huruki katikati."

"Ndivyo hivyo, shemeji. Hapo umenena."

Gelasius alifurahi mpaka akasahau kumwuliza ameona nini ndani ya hayo matuta. Kosa likawa hapo.

Jumamosi iliyotangulia ile ya harusi wakajaribu. Gelasius alijiapiza kwamba atakaa juu ya ukuta, mswaki mdomoni, na hatasema neno. Mageni alisimama na fimbo. Ng'ombe wakaanza kuja, na kila mmoja Mageni anamtazama, anautazama ukuta, anapeleka kidole chake kutoka kushoto kwenda kulia, anaamua. Mweusi akapelekwa birikani. Mweusi mwingine birikani. Weupe wawili wakaingia josho moja kwa moja, wakatoka salama. Gelasius akatafuna mswaki kwa raha. Moyoni alishaanza kuchagua shati la harusi.

Kisha akaja dume jekundu, nundu kama mlima, na Mageni akalipeleka pembeni kwa wenye mimba.

Gelasius akaacha kutafuna. Akasema labda shemeji kateleza, mtu huteleza. Likaja dume jekundu la pili, nalo likaenda kupuliziwa kwa upole pamoja na mama wajawazito. Wachungaji hawakucheka. Walitazama kama watu wanaoona sheria ikifuatwa. Gelasius alikuwa bado anajiuliza kama avunje kiapo chake, wakati ng'ombe wa Eufrasia alipoingia kibanioni.

Eufrasia alikuwa mjane, na ng'ombe wa maziwa alikuwa naye mmoja, mweupe. Alikaa ng'ambo ya mbuga, maili nne, na njiani visima vilikuwa vimekauka. Ng'ombe yule alikuja ulimi nje. Mtoto mdogo angeona. Mageni alimtazama, akautazama ukuta, akapeleka kidole mpaka mwisho wa mstari wa tano, akafungua mlango.

Gelasius aliruka kutoka ukutani. Alifika ukingoni ng'ombe ameshazama na kuibuka, na kitu cha kwanza alichofanya mnyama yule ni kushusha pua kwenye maji. Gelasius akamtia panda ya fimbo chini ya kidevu, akamwinua kichwa, akamwinua tena, akatembea naye ukingoni hatua kwa hatua, mpaka saruji iliyolowa ikamkatalia. Akaingia mzima mzima. Watu wa Mwahuli waliona kofia ikielea kama kibuyu, kisha mwenye kofia akatokea akiwa ameshika pembe za ng'ombe, kichwa cha mnyama kakikumbatia kifuani, na wakapanda ngazi wote wawili wakichuruzika.

Ng'ombe hakuwa amekunywa. Eufrasia alimmiminia Gelasius ndoo tatu za maji safi, akamfumbua macho kwa vidole ili dawa itoke.

"Shemeji," alisema Gelasius alipopata pumzi, "ulimi hukuuona?"

"Niliuona."

"Sasa kwa nini hukumpa maji?"

Mageni alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Wa kupewa maji ni mweusi. Umemchora wewe mwenyewe. Mwekundu apuliziwe pembeni. Mweupe aoge. Kila mtu hapa kauelewa ubao wako, sema tulishangaa kidogo weusi wamekosa nini."

Gelasius akageuka kuwatazama wachungaji, na wote wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo akajicheka mwenyewe, dawa ikimwasha masikioni. Wapi umemsikia Msukuma akasema "ng'ombe" tu? Mtoto wa miaka mitano anajua jina la kila rangi na kila doa. Ukimtuma akuletee ng'ombe atakuuliza yupi, mpaka umtajie ngozi yake. Umchoree mtu kama huyo ng'ombe mweusi, halafu umwambie weusi haujalishi! Alichora kiu, wao wakasoma rangi. Hakuna mjinga kati yao. Mjinga alikuwa yeye, mtu wa mashine, aliyedhani lami ni lami tu.

"Nitawachora wote kwa lami," alisema.

"Basi tutaogesha weusi peke yao," alisema Mageni.

"Nitawachora bila rangi."

"Ng'ombe asiye na rangi ni ng'ombe wa nani?"

Eufrasia alikuwa bado ameshika ndoo. "Baba Paskazia," alisema, "wewe ulichotaka kusema ni kiu. Sasa ng'ombe wa nini hapo? Chora ulimi. Usichore ng'ombe."

Gelasius akakubali. Jumatatu alipaka chokaa upya, na juma lile ukuta ukapata mdomo wenye ulimi nje, pua inayohema, tumbo na kiwele, matone ya mvua, na mstari wa mwisho, wa kuoga, vistari vitupu. Ng'ombe hakuna. Alimsimamisha Mageni mbele yake, akamtajia ng'ombe wa kila rangi na kila hali, na Mageni akajibu kwa kidole, kushoto kwenda kulia, bila kukosea. Alhamisi Gelasius na Anisia wakapanda gari la Kahama, na kutoka hapo wakapata lori la Ushirombo.

Jumamosi asubuhi alimshika Paskazia mkono mpaka altareni. Wanaosema alikuwa akitazama jua kila mara, ni kweli. Wanaosema alilia, ni kweli pia, na hakujificha. Anisia aliona yote mawili, akamsogezea sahani yenye nyama laini.

Walirudi Jumanne. Gelasius hakuingia hata nyumbani; alipitia josho, Mageni na wachungaji wakamfuata. Ng'ombe hakufa hata mmoja. Lakini ukutani, chini ya mistari yake mitano, kulikuwa na miwili mingine, ya mkaa.

Wa kwanza ulikuwa na picha ya kidonda kwenye paja, na amri yake nyumba.

"Alikuja ndama kachanwa na waya," alieleza Mageni. "Tukapita mistari yote, hakuna unaomhusu ila wa mwisho, na wa mwisho unasema aoge. Mayu, mama yetu Eufrasia, akasema dawa ile inaunguza kidonda, mtu aliyechora hapa alisahau. Tukamrudisha nyumbani. Tumekosea?"

"Hamkukosea." Gelasius aliona aibu na furaha kwa pamoja. Jambo la kidonda alilijua miaka saba, na hakuwahi kumwambia mtu. "Isipokuwa huo uwe juu ya ule wa kuoga, usiwe chini. Na huu mwingine?"

Mstari wa mwisho ulikuwa na mtu. Alikuwa na miguu kama vijiti na kichwani ana kofia kubwa, imebonyea upande mmoja. Mahali pa mvua kistari. Mahali pa kiu kistari. Kila mahali kistari. Amri yake: nyumba.

Mageni alikohoa. "Huyo ni mtu mwenye shughuli kwao. Akionekana hapa, arudishwe."

Josho zima lilicheka, na Gelasius naye. Hakuufuta. Kila mwaka alipotia lami upya mistari mingine, ule wa kofia aliuacha vilevile kwa mkaa, na mtu fulani, hakujua nani, aliukoleza kila ulipofifia. Akaanza kuwa mtu mwingine kidogo. Alikwenda ubatizo wa wajukuu. Alikwenda misa ya mwaka ya mama yake, akakaa siku nne.

Mwaka wa themanini na nne Anisia akaugua tumbo. Alipelekwa mjini Shinyanga, na kwa kuwa hospitali ilimtaka arudi kila siku mbili, akakaa Ngokolo kwa dada yake Salvina. Gelasius alikuwa akienda Jumapili na kurudi Jumatatu. Walimwambia anaendelea vizuri.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, foleni ya ng'ombe ikiwa imeanza kusogea, akafika mtu wa baiskeli kutoka mjini. Hakungoja hata kuteremka vizuri. Alisema Salvina amemtuma: Mama Paskazia kazidiwa, anamwita mumewe.

Gelasius aliiangalia foleni. Ilikuwa ndefu, ilifika mpaka kwenye ua wa miiba wa shamba la jirani. Kinywa chake kikasema chenyewe, kwa mazoea ya miaka: "Nimalize hawa, nakuja."

Mageni aliiacha foleni. Alikwenda ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, juu ya kofia, akakipeleka polepole kwenye vistari vyote mpaka kwenye nyumba, akakiacha pale.

Gelasius akamkabidhi fimbo. Alikuwa ameshaishika baiskeli alipokumbuka.

"Na wewe je? Ni dada yako."

"Mstari una kofia moja," alisema Mageni. "Nenda. Mimi nitakuja jioni, wakishaoga."

Mtu akiwa na haraka hasikii vizuri. Gelasius alisikia mzaha wa shemeji, akakanyaga pedali.

Alimkuta Anisia macho, amelala ubavu, mkono umekuwa mwepesi kama wa mtoto. Aliushika. Anisia alimtazama muda, akaitazama kofia, kisha akatazama dirishani kulikokuwa na jua.

"Leo Jumamosi," alisema.

"Jumamosi."

"Ng'ombe?"

"Wanaoga."

Akatabasamu. Walikaa hivyo, wakazungumza kidogo kuhusu Paskazia, kuhusu kibuyu kilichopasuka, kuhusu mama yake Gelasius, na hapo Gelasius alimwomba msamaha kwa jambo ambalo si yeye aliyekosewa, naye akaupokea. Saa kumi alasiri aliuliza kama kaka yake amekuja. Aliuliza tena baadaye kidogo. Kisha hakuuliza.

Mageni alifika jua likizama, miguu myeupe kwa vumbi, bado ananukia dawa ya josho. Salvina alimkuta mlangoni, na Mageni akajua kabla hajaambiwa. Aliketi kwenye kizingiti. Gelasius alikwenda kukaa karibu naye.

Baada ya matanga, Ijumaa, Gelasius alikwenda josho na kopo la lami na chokaa. Aliupaka chokaa ukuta wote. Akaanza juu kabisa, kabla ya mvua, kabla ya kiu, mahali ambapo jicho linafika kwanza, kwa sababu ubao husomwa toka juu na mstari wa kwanza kufanana ndio unaofuatwa. Akamchora mtu. Akachora vistari, kimoja kimoja, mpaka mwisho. Akachora nyumba.

Mageni alikuja, akasimama nyuma yake, mikono mgongoni kama siku ile ya kwanza. Aliutazama mstari kwa muda mrefu.

"Kofia umeisahau," alisema.

"Sikuisahau," alisema Gelasius, akatumbukiza brashi kwenye lami, akashuka kwenye mstari wa pili.